Kifuniko cha Injini Kilichonistaafisha

Mwalimu wenu wa fizikia, ambaye alikuwa wangu pia, alinipigia simu akaniomba nije kuongea nanyi wa klabu ya sayansi kuhusu kazi niliyoifanya. Nikakubali. Halafu nikakaa kitandani nikawaza ule ukumbi, yale madawati, na macho yenu yote yakiniangalia, nikamtumia ujumbe kwamba nimeshikwa na homa. Akajibu, "Ruguru, homa haizuii mtu kuandika." Ndiyo maana mnasoma badala ya kunisikia. Nashukuru, kwa sababu hata mngekuja kunisikiliza msingesikia kitu. Sauti yangu huwa inaishia hapa mdomoni.

Mimi ni mstaafu. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Nina miaka kumi na tisa. Majirani zetu wastaafu huko mtaa wa Dallas, mjini Embu, wana pensheni na mashamba ya kahawa. Mimi nina marufuku ya daktari wa ngozi na mafuta ya kupaka mara mbili kwa siku.

Kazi yenyewe ilikuwa resini. Resini ni kitu kizito kinachomiminika kama asali. Ukikichanganya na dawa yake ya kugandisha, ambayo sisi tunaiita hadena, halafu ukilowesha nacho kitambaa cha nyuzi za kioo, kinakuwa kigumu kuliko ubao na chepesi kuliko bati. Hiyo ndiyo faibaglasi. Tangi la maji hapo nyumbani kwenu pengine ni hiyo. Bampa ya gari pia. Na sehemu nyingi za ndege, ila za ndege zina masharti zaidi, na hapo ndipo nilipoungulia.

Aliyenifundisha ni Tata Wanja. Tata kwetu ni dada ya baba. Ana karakana nyuma ya nyumba yake, mabati juu, ukuta upande mmoja tu, na dirisha moja kwenye huo ukuta ambalo hakuna anayejua lilitengenezwa la nini. Mama alinipeleka kwake likizo ya kidato cha pili akisema nikizoeana na wateja nitaanza kuongea. Alinipeleka kwenye kazi ambayo watu wanavaa barakoa kutwa. Nilifurahi sana.

Somo langu la kwanza lilikuwa la kikombe. Tata aliniambia, "Changanya ya kutosha," akatoka kwenda kuongea na mteja. Ya kutosha nini? Mtu wa kawaida angeuliza. Mimi niliona aibu kumfuata mbele ya mgeni, nikachanganya ndoo nzima pale alipotaka kikombe. Sasa, resini na hadena zikikutana zinatoa joto. Zikiwa kidogo, zimetandazwa, joto linatoroka. Zikiwa nyingi ndani ya ndoo, joto halina pa kwenda, linajilisha lenyewe. Ndoo ilianza kutoa moshi. Halafu ikaanza kuchemka. Halafu chini pakalegea, na ile ndoo ikakaa chini polepole kama mzee anayetafuta kiti.

Tata alirudi akanikuta nimesimama kando, mikono nyuma.

"Ruguru, ulikuwa unaona moshi?"

"Ndiyo, Tata."

"Na hukuniita?"

"Ulikuwa unaongea na mtu."

"Siku nyumba ikiungua," akasema, "utangoja nimalize chai?"

Kwa hiyo kidokezo cha kwanza, wadogo zangu: changanya kidogo, mara nyingi, kwenye chombo kipana. Na uliza. Hicho cha pili ndicho kigumu, resini ni rahisi.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani lingetokea kwetu tu. Kabla ya kuweka resini kwenye kalibu, yaani lile umbo ambalo kitu unachotengeneza hulalia, lazima upake nta ili vitu visishikane. Nta ya dukani ilikuwa imeisha. Nikakumbuka kwamba babu yangu upande wa mama, kule Siakago, Mbeere, ana mizinga ya nyuki, na nta anayo hadi anaitupa. Nilimwambia Tata, tena kwa kujiamini, jambo ambalo kwangu hutokea kwa nadra na huwa ni dalili mbaya. Akasema tujaribu. Nikasugua kalibu ya bampa ya pikapu kwa nta safi ya Mbeere, ikang'aa, ikanukia asali mtaa mzima. Nikaitoa juani ipate joto. Niliporudi na resini, nyuki walikuwa wamefika.

Binamu yangu Mugendi, mtoto wa Tata, alikuwa amekaa juu ya tangi akila ndizi. Mugendi ni wa umri wangu na anaongea kwa niaba yetu sote. "Wateja wako wamekuja," akaniambia. "Wasalimie basi."

Tulingoja wakaondoka, au tulidhani wameondoka. Nilimimina, nikalaza kitambaa, nikabonyeza hewa itoke. Bampa ilipotoka kwenye kalibu, ilikuwa imara na laini, na upande wa kushoto ilikuwa na nyuki wawili ndani, mabawa yamenyooka, wazuri kama picha. Mwenye pikapu aliwapenda. Alikataa tuwapake rangi. Ukiona pikapu ya kubeba maembe kule Ishiara yenye nyuki wawili kwenye bampa, nyamaza tu, usiseme unanijua.

Sasa niwaambie kuhusu joto.

Alikuja Kinoti. Kinoti ni Mmeru wa Nchiru, mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Yeye na wenzake waliomaliza chuo walikuwa wanaunda droni, ndege isiyo na rubani, ya kubeba chanjo na damu kupeleka zahanati za huko chini kwenye ukame ambako barabara ikinyeshewa inakufa. Walikuwa na mabawa, walikuwa na injini ndogo ya petroli. Hawakuwa na kifuniko cha injini. Kifuniko kilichohitajika kilipita karibu kabisa na ekzosi, lile bomba la moshi, kwa hiyo kilitakiwa kiwe chepesi na kivumilie joto ambalo ukitia maji yanaruka.

"Mama," Kinoti akamwambia Tata, "bati ni zito. Plastiki inayeyuka. Nimeambiwa wewe unaweza."

"Nani amekwambia?"

"Mwenye pikapu ya nyuki."

Tata alikubali siku hiyo hiyo, na nilijua kwa nini. Alikuwa amechoka na bampa. Alisomea mambo ya polima, hizi resini na plastiki, akiwa kijana, akarudi nyumbani kumuuguza nyanya yangu, na tangu hapo watu wanamletea vitu vilivyogongwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea kitu cha kuruka. Kinoti naye alisema wazi: mfadhili wao yuko tayari kununua kifuniko kutoka nje. Yeye anataka kitengenezwe hapa, na kikikubali basi kazi yote ya mwili wa ndege itakuja kwa Tata. Kikikataa, wataagiza, na hataweza kurudi tena.

Kalibu ya hicho kifuniko ilikuwa na shingo nyembamba. Vidole vya Tata havikuingia. Vyangu viliingia. Hivyo ndivyo mtoto wa haya alivyopata cheo, kwa sababu ya vidole.

Kifuniko cha kwanza tulikitengeneza kwa resini ile ile ya matangi, poliesta. Tata alisema tuanze na tunachokijua. Kinoti alifunga injini kwenye meza hapo uwanjani, akaiwasha, na tukasimama kuangalia. Resini ikishaganda haiyeyuki, hiyo mkumbuke. Inalegea. Kuna joto ambalo ikifika hapo, kilichokuwa kioo kinakuwa ngozi. Kifuniko chetu kilianza kuinama upande wa ekzosi, polepole, kama mwanafunzi anayesinzia darasani, hadi kidevu kikagusa chuma. Halafu kikanuka.

"Sawa," Tata akasema. "Hiyo ilikuwa ya kujifunza."

"Nimejifunza," Kinoti akasema, akipunga moshi.

Cha pili tulitumia epoksi maalum ya joto. Zipo resini kali zaidi, kama poliimidi wanazotumia karibu na injini za ndege kubwa, lakini hizo zinataka shinikizo na moto ambao karakana yetu ingezisikia kwenye redio tu. Epoksi tuliyoipata ilikuwa saizi yetu. Ila ina tabia moja. Ikigandia hapo mezani kwenye baridi ya Embu, inakuwa ngumu, unaigonga inalia, unadhani kazi imeisha. Kumbe ni mbichi. Inatakiwa iokwe tena, joto likipanda kidogo kidogo hadi juu, ndipo ndani yake ijifunge sawasawa. Tata aliniambia hivi: usitegemee ivumilie joto ambalo haijawahi kulionja.

Oveni hatukuwa nayo. Bi Halima, jirani anayeoka mikate na mahamri, anayo kubwa. Tulienda kumwomba. Alituuliza tunaoka nini. Nikaanza kumweleza, akachukua chupa mkononi mwangu, akainusa, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "mimi na wewe ni majirani. Tubaki majirani."

Alikuwa sawa kabisa, na nyinyi msije mkaweka resini kwenye oveni ya chakula, hata ya mtu mnayemchukia.

Tukaunda yetu. Kabati la chuma la ofisi lililotupwa, sufu ya mawe pembeni ya kuzuia joto, koili za jiko la umeme, feni ndogo, na kidhibiti joto nilichokitoa kwenye mashine ya mama ya kutotolea vifaranga. Wazo lilikuwa langu. Nimeshawaambia kuhusu mawazo yangu. Kidhibiti cha vifaranga hakina haja ya kujua joto kubwa. Ni kifaranga gani anataka kuchemshwa? Kiligota kwenye digrii mia moja na kumi. Ekzosi ilikuwa inaipasha ile shingo hadi karibu mia moja na hamsini. Mimi niliona namba imesimama, nikajiambia Tata ameiona. Tata alikuwa nje akijua mimi naangalia. Tulifungua kabati, kifuniko kilipendeza, rangi ya chai ya maziwa. Kwenye injini kilidumu zaidi kuliko cha kwanza. Kisha kikainama vile vile.

Kinoti alianza kuifungua injini mezani, taratibu. Mtu wa sauti ile akiwa mpole hivyo, ni heri akugombeze. Mwishowe alimwambia Tata, "Mama, nimemwomba mfadhili anipe nafasi moja. Moja tu."

Na hiyo wiki ndipo nilipoamka siwezi kufungua macho.

Kope zilikuwa zimevimba kama mandazi. Mikono ilikuwa nyekundu hadi viwikoni, inawasha, inatoa maji. Nilidhani ni siafu. Daktari alinishika kidole kama anashika yai akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akauliza kuhusu glovu.

Hapa nisikilizeni, hata kama mnacheka. Glovu zilikuwepo. Zote zilikuwa saizi kubwa. Kwenye ile shingo nyembamba zilikunjika, zikanasa kitambaa, kwa hiyo nikawa nazivua. Nilitakiwa kusema sentensi moja: Tata, glovu ni kubwa. Sikusema. Niliona ni kumsumbua mtu mwenye mambo mengi. Mwili ukishaikataa hadena, daktari alinieleza, hausahau. Hata tone. Hata mvuke. Ndiyo nikastaafu, hapo hapo kwenye kiti, bila keki.

Tata alilia. Kisha akaninunulia glovu za saizi yangu, boksi zima, kwa uchungu tu, wakati sina tena kazi nazo. Alisema atamwambia Kinoti basi, aagize huko nje.

"Mugendi ana vidole vyembamba," nikasema.

"Mugendi hajui kitambaa kinakunjwa vipi kwenye ile kona. Hata mimi sijui. Ni wewe ulifanya."

"Nitamwelekeza."

"Utaingia wapi? Umekatazwa mvuke."

Nikaonyesha dirisha. Kwa nje, upande unaotoka upepo.

Hivyo kifuniko cha tatu kilitengenezwa na mikono ya Mugendi ndani, ikiwa kwenye glovu za saizi yangu, ambayo kumbe ndiyo ilikuwa saizi yake pia kwenye ile kazi, na mdomo wangu nje dirishani, nimevaa barakoa mbili. Tata alipima na kuchanganya. Bi Halima alikuwa ametupatia kidhibiti cha oveni yake ya zamani iliyokufa, kinachofika joto la mkate na kupita. "Hiki mkinirudishia nitakitupa," alisema, "kwa hiyo msinirudishie."

"Kata kona kwanza," nikamwambia Mugendi.

"Eh?"

"Kona. Kata."

"Wee Ruguru, ongea kama mtu amekula. Huku kuna feni."

"Kata kona kabla ya kulowesha."

"Anasema nini?" akamuuliza mama yake.

"Usiniulize mimi," Tata akasema. "Muulize huyo bosi wako."

Nikasema kwa nguvu zaidi. Kando ya nyumba kulikuwa na wanawake wawili wanaosubiri maji, wakageuka kuniangalia, na mimi nikatamani ule ukuta uwe mrefu zaidi. Lakini resini ikishachanganywa haingoji uone aibu iishe. Nilimwambia akunje kuelekea ndani, abonyeze kutoka katikati kwenda pembeni, asivute. Alivuta. Nikamwambia tena. Mugendi, sijui kama nimesema, ni mtu mzuri. Akiacha kuongea anasikia. Mwishowe akanyamaza kabisa, na ndani mkawa na sauti yangu peke yake, sauti ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa ndefu hivyo.

Kesho yake asubuhi kifuniko kiliingia kwenye kabati, kikiwa bado juu ya kalibu yake kisijipinde. Kazi ya siku nzima: pandisha kidogo, ngoja, pandisha kidogo, ngoja. Mchana Kinoti akafika na injini nyuma ya pikipiki. Mfadhili alikuwa anakuja kesho. Aliangalia namba.

"Bado iko chini hivi? Tangu asubuhi?"

"Inapanda polepole," Mugendi akasema.

"Si mko na kidhibiti kikubwa sasa? Ipelekeni juu mara moja, ipoe, nifunge usiku nilale."

Mugendi aligeuka kumtafuta mama yake. Tata alikuwa ameenda dukani. Kinoti, ambaye hakuwa na ubaya wowote, ila hofu, alinyoosha mkono kwenye kitufe. Ukipandisha haraka ile resini mbichi, inalegea kabla haijajifunga, inajipinda, na hakuna wa kuinyoosha.

"Usiguse hicho kitu."

Sauti yangu ilitoka kubwa. Kinoti alirudisha mkono kama ameungua. Bi Halima alitokea mlangoni kwake na unga mikononi kuona nani anapigana.

"Ni nani huyo?" Kinoti akauliza.

"Ni yule binti wa vidole," Mugendi akasema, naye akishangaa.

"Ina saa zake na ina mwendo wake," nikasema pale dirishani. "Ukiharakisha utapata cha tatu kama cha pili. Kaa hapo. Kuna kiti."

Akakaa. Mtu mzima, mrefu vile, kwenye kiti cha plastiki, akiangalia kabati la faili. Tata aliporudi alitukuta hivyo, akatuangalia mmoja mmoja, akaweka maziwa chini, akaketi pia. Namba ikafika mia moja na sitini, ikakaa pale tulivyotaka, ikaanza kushuka.

Jua lilikuwa halijazama tulipowasha injini. Kinoti aliipeleka hadi mwisho. Tulisimama wote tukitazama ile shingo, pale ambapo vile viwili vya kwanza vilianza kuinama. Petroli iliisha. Injini ikakohoa, ikazima. Kifuniko kilikuwa wima kama kilivyotoka kwenye kalibu. Kinoti alikigonga kwa kucha, kikalia kama sahani ya udongo. Akamgeukia Tata akaanza kuongea juu ya mabawa, juu ya mkia, juu ya lini anaweza kuanza, na Tata alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akifuta macho kwa kiwiko.

Mimi nilisogea. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Hiki sasa msiniige, na daktari wangu asisome. Resini iliyoiva kabisa haina tena ile hadena ya kuudhi mwili, imejifunga yote. Ile isiyoiva inayo, na mwili wangu ungeijua kufikia asubuhi. Nilivua glovu niliyokuwa nimeivaa kwa tahadhari.

"Ruguru," Tata akasema. "Acha."

Niliweka kiganja chote pale shingoni, kwenye ile kona ambayo sikuikunja kwa mkono wangu. Nikakiacha hapo.

Asubuhi simu ililia kabla sijatoka kitandani. Tata hakunisalimia.

"Macho?"

"Yanafunguka. Yote."

"Mkono?"

Niliugeuza juu, nikaugeuza chini, dirishani kwenye mwanga. "Mkavu."

Nilimsikia akivuta pumzi, halafu akamwita Mugendi huko ndani alete ile kalibu, wanaanza cha nne. Kisha akaniambia nivae sweta nije, dirishani kuna baridi.